Baiskeli Iliyoundwa kwa Kipimo cha Mama

Kila mama wa pwani anaijua tofauti iliyopo baina ya nguo iliyotundikwa dukani na nguo iliyokatwa na fundi baada ya kumpima mwenyewe. Ya dukani ilishonwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo: mabega yake si yako, mikono yake haikufiki au inakupita, na ukiivaa ni wewe unayejikunja ili ukae ndani yake. Ya fundi hukaa mwilini bila ya kukushughulisha. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo hata katika vyombo vya baharini. Kule Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, mtu aliyetaka chombo hakwenda kuchagua kilichokwisha kuundwa. Alikwenda kwa fundi akamweleza shehena atakayopakia, bandari atakazoingia na kina cha maji yake, kisha ndipo mbao zikakatwa.

Lakini baiskeli je? Wangapi miongoni mwetu tumewahi kufikiri kwamba baiskeli nayo yaweza kuundwa kwa kipimo, kama kanzu au jahazi? Mimi sikuwahi, mpaka nilipofunzwa na mdogo wangu wa kike, tena baada ya kumpinga kwa maneno ambayo leo nayaonea haya.

Mdogo wangu aliolewa Nyamira, katika milima ya Gusii. Waislamu wa huko ni wachache, lakini si wageni. Katika mji jirani wa Kisii upo mtaa uitwao Nubia, uliopata jina lake kwa Wanubi, kizazi cha askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Waingereza zama za ukoloni. Na misikiti ipo, na madrasa zipo. Mumewe alipofariki, naye akamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, aliniandikia kwamba hatarudi Mombasa. Watoto wanasoma huko, nyumba iko huko, na biashara ndogo ya leso aliyokuwa akiifanya kwa kujifurahisha sasa itakuwa ndiyo riziki yao. Mimi nikawa nampelekea mizigo kwa basi. Yeye akauza siku za soko Nyamira na Kebirigo, na siku nyingine akawafuata wateja majumbani, hasa akina mama wavunao majani ya chai. Wakampa jina la Mama Leso.

Kilichomtafuna kilikuwa nauli. Tangu serikali ilipoondoa kodi juu ya pikipiki ndogo, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, bodaboda zimeenea kila kijiji, na ni msaada mkubwa. Ila mwenye kuuza leso mbili au tatu kwa siku, akalipa kwenda na kurudi, akalipia na mzigo, hurejea nyumbani na faida iliyobaki ni ya kununulia unga tu. Basi akanunua baiskeli kuukuu.

Ilikuwa ni ile baiskeli nyeusi, nzito, ambayo Wakenya wengi huiita Black Mamba: fremu ya chuma yenye bomba lililolala juu kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, magurudumu ya inchi 28, uzito wa kilo zipatazo 20. Ni chombo imara, na kimewalisha wengi. Hata jina la bodaboda lilizaliwa juu ya baiskeli za namna hiyo, kule Busia katika miaka ya 1960, zilipokuwa zikivusha watu mpaka wa Kenya na Uganda. Mdogo wangu hakumaliza nayo mwezi. Katika mteremko mmoja, siku ya mvua, breki hazikushika. Na alipotaka kushuka, upindo wa buibui lake ulikuwa umekwisha kumezwa na cheni. Akaanguka. Alichubuka mkono na goti, na robota zima la leso mpya likaingia katika tope jekundu.

Aliponipigia simu kunieleza, nilimwambia, "Si nilikwambia? Mwanamke wa heshima, mjane, unatafuta nini juu ya baiskeli? Iuze."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, nimefikiri sana juu ya jambo hili. Si mimi niliyekosea, wala si baiskeli. Ile haikuundwa kwa ajili yangu, basi."

Kwa wakati ule nililiona neno lile kuwa ni ukaidi. Sasa naliona kuwa ndilo jambo lenyewe lililonifanya niandike makala haya.

Tuitazame baiskeli ile kwa jicho lake. Bomba la juu linamtaka mpandaji aurushe mguu nyuma, juu ya kiti. Jambo hilo kwa mwenye buibui au dera ni kujivunjia stara, na kwa mwenye mzigo nyuma haliwezekani kabisa. Cheni iko wazi, na njiti za gurudumu la nyuma ziko wazi. Nguo ndefu inapepea baina yake. Rimu ni za chuma, na raba ya breki ikikutana na chuma kilicholowa huteleza. Huko Kisii na Nyamira mvua hupindukia milimita 1,500 kwa mwaka, na mji wa Kisii wenyewe umepanda kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpanda baiskeli wa Malindi hupigana na upepo na mchanga. Mpanda baiskeli wa Gusii, akitoka mlangoni kwake, ama anapanda au anateremka.

Halafu kuna hesabu ya meno. Aghalabu gurudumu la meno la mbele, lile la pedeli, huwa na meno 44, na dogo la nyuma huwa na 18. Maana yake, ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Na kwa kuwa mzunguko wake mmoja ni kama mita 2.2, wewe umesogea mita 5.4 kwa pigo moja. Katika nchi tambarare hiyo ni neema. Katika mlima wa Nyamira, ukiwa na robota la leso nyuma, ni kama mtoto aliyepewa ndoo ya mtu mzima kuteka maji kisimani.

Basi mdogo wangu hakuiuza. Aliipakia juu ya matatu, akaishukisha Kisii, akaipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali, si mbali na soko la Daraja Mbili. Mafundi wa huko wamezoea kubadili baiskeli za wachukuzi wa ndizi: huongeza vyuma katika uma wa mbele, hupanua keria, hutia stendi nzito isiyopinda. Na tukumbuke kwamba katika kaunti ileile, huko Tabaka, jamii nzima imeishi kwa kazi ya mikono juu ya jiwe laini la Kisii, wanaume wakichonga na wanawake wakisugua na kung'arisha. Mgusii hashangai akiambiwa kwamba kitu kizuri chaweza kutoka katika mkono wa jirani yake.

Fundi aliizunguka ile baiskeli, akaitikisa, akamtazama mteja wake. "Mama," akasema, "hii baiskeli ni nzuri, lakini mwenyewe ni mwanamume wa futi sita. Wewe umemwazima tu."

Akamwambia anahitaji vipimo. Hapo mdogo wangu akasita, nasi sote tungalisita. Fundi akafahamu bila ya kuambiwa. Alimwelekeza akapimwe nyumbani na binti yake: asimame bila ya viatu, mgongo ukiegemea ukuta, kitabu chembamba kibanwe baina ya miguu mpaka juu kabisa kikiwa sambamba na sakafu, na alama itiwe ukutani, kisha urefu kutoka sakafuni hadi kwenye alama upimwe kwa futi ya fundi cherehani. Tena apime kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Aandike namba mbili katika karatasi, amletee.

Namba ya kwanza ilikuwa sentimita 74. Waundaji wa baiskeli wanayo kanuni ya zamani: ukizidisha urefu huo wa mguu kwa 0.88, unapata umbali unaofaa kutoka kitovu cha pedeli hadi juu ya kiti. Kwa mdogo wangu ni sentimita 65. Namba ya pili huwaongoza katika umbali wa kutoka ncha ya kiti hadi usukani, ili mgongo usipinde na mabega yasivutwe. Fundi wa Kisii hakujifunza kanuni hizi chuoni. Alizipata kwa mwalimu wake, naye kwa wake. Ndizo zilezile zitumikazo na mafundi wa Ulaya na Marekani ambao humpima mpandaji viungo vyake, wakamuundia fremu moja kwa mkono, na wakamtoza maelfu ya dola. Matajiri wa huko husubiri miezi mingi kupata baiskeli ya namna hiyo. Ukiwauliza sababu, wengi watakwambia habari ya wepesi na uzuri. Lakini chini yake kuna jambo ambalo mjane wa Nyamira alilitambua akiwa kaanguka topeni: kwamba chombo kinachokufahamu hakikuchoshi.

Hapa inafaa tukumbuke yale ambayo dini yetu inatufundisha juu ya kazi ya mkono. Katika Suratu Saba tunaelezwa kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma Nabii Daud (A.S.), akamwamrisha atengeneze deraya zilizo kamili, na apime sawasawa pete zake. Nabii na mfalme, naye anaamrishwa apime! Kwa kuwa deraya isiyopimwa ama itamwelemea mwenye kuivaa, ama itaacha tundu la mkuki. Ufundi wenye itqani ni amana baina ya mwenye kuunda na mwenye kutumia, na chuma kilichopimwa vibaya kinaweza kumuua mtu.

Mapatano nayo yalikuwa somo. Mkataba wa kumwagizia fundi akuundie kitu kwa sifa maalumu, fiqhi inauita istisnaa. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimpelekea ujumbe mwanamke wa Kiansari, kwamba amwamrishe mtumishi wake seremala amtengenezee mimbari, na wanazuoni wameitaja hadithi hiyo walipoujadili mkataba huu. Wahanafi waliupa mlango wake wenyewe. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii waliutia chini ya masharti ya salam, ambamo bei hulipwa yote mwanzoni. Mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah, liliukubali kwa sharti kwamba aina ya kitu, kiasi chake na sifa zake zibainishwe, na muda uwekwe. Na likajuzisha bei icheleweshwe au ilipwe kwa mafungu. Mwenye shaka na awaendee masheikh wake. Ninalotaka kulionyesha ni hili: kutaja sifa, kutaja bei na kutaja siku ni kinga kwa pande zote mbili, ama sivyo huingia gharari, na gharari huzaa ugomvi.

Basi waliandika, ijapokuwa fundi si Mwislamu bali ni Msabato, na Gusii ni nchi ya Wasabato wengi. Yeye hafanyi kazi Jumamosi. Mdogo wangu hatoki Ijumaa mpaka swala iishe. Wakakubaliana kwamba itakuwa tayari Jumapili ya wiki ya sita, bei italipwa mafungu matatu, na kitakachovunjika katika miezi mitatu ya mwanzo fundi atakitengeneza bila ya malipo. Jumla ya gharama ilizidi kidogo bei ya baiskeli mpya ya dukani. Nilipoisikia niliguna. Nikasema moyoni, kwa fedha hizo angalipata mpya inayong'aa.

Mwezi wa tatu baada ya hapo nikapanda basi la usiku kwenda kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kumnasihi. Nilimkuta uani anaipangusa, nikaitazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno.

Lile bomba la juu halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mabomba mawili membamba yanayoshuka kwa mshazari kutoka shingo ya usukani hadi karibu na pedeli, hata mtu anaingia kama aingiavyo mlangoni, bila ya kuinua nguo. Maungio hayakuchomelewa kwa umeme, maana bomba la baiskeli ni jembamba, unene wake ni kama milimita moja tu au zaidi kidogo, na mikononi mwa asiyelizoea umeme huliunguza mara moja. Fundi alitumia moto wa gesi, akayayeyushia shaba ya njano, ambayo huyeyuka kabla ya chuma kuharibika, ikapenya katika maungio kama samli katika mkate wa moto. Gurudumu dogo la nyuma alilitoa, akatia la meno 22. Sasa kila pigo la pedeli linamsogeza mita 4.4 badala ya 5.4, na nguvu inayotakiwa mguuni imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Rimu ni za alumini, ambazo raba ya breki huzishika vyema zaidi katika mvua. Njiti za magurudumu alizifuma mwenyewe moja moja, akawa anazigonga kwa kucha na kuzisikiliza, ile yenye sauti ya chini akaikaza. Cheni yote imefunikwa kwa bati. Keria ni pana, nayo iko chini kuliko kawaida, ili uzito wa leso usiivute baiskeli upande katika kona.

Na juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, palikuwa na wavu wa kuzuia nguo. Huko Uholanzi, ambako mama na bibi hupanda baiskeli kila siku kwa makoti na magauni, kinga ya namna hiyo ni jambo la kawaida. Lakini wavu huu niliutambua. Fundi alitaka kutia bati, mdogo wangu akamwambia amwachie yeye. Alitumia ile kamba ya nailoni ya wavuvi niliyomtumia kufungia mizigo, akaisuka kwa mkono ule tuliofundishwa na marehemu bibi tukisuka ukili wa mikeka. Nilipouona nilishindwa kuzuia machozi, na yale maneno niliyoyaandaa tangu Mombasa yakanipotea.

Kesho yake nilifuatana naye sokoni, yeye akiiongoza kwa mkono ili tuzungumze. Katika mlima mkali alishuka, kama ashukavyo kila siku; meno 22 hayafuti milima ya Gusii. Lakini huisukuma bila ya kupigwa na pedeli muundini, na akifika juu hupanda na kuteremka kwa utulivu, nguo zake zikiwa zimetulia. Njiani mtoto mmoja alitukimbilia akauliza, "Mama Leso, hiyo baiskeli yako ilishonwa na nani?" Tukacheka sote. Lakini hakukosea.

Nikamuuliza imembadilishia nini. Hakunitajia uzuri wake. Alisema nauli ya mwezi sasa inalipa karo ya madrasa ya watoto wawili. Alisema siku za soko hufika nyumbani kabla ya Magharibi, ambapo zamani alikuwa akisubiri pikipiki gizani pamoja na wanaume asiowajua. Akasema pia kwamba njiti moja ilikatika mwezi wa pili. Fundi aliitia nyingine siku hiyohiyo, na kabla ya kumwuliza lolote akajua ni ipi, kwa kuwa yeye ndiye aliyezifuma.

Nilikuwa nimeshikilia neno heshima. Nikakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa kuwa ni bora wa wanawake wapandao ngamia, wenye huruma kwa watoto wao na wenye kuhifadhi mali za waume zao. Kupanda hakukutajwa kuwa ni aibu. Kinachotakiwa ni stara, amani na nia njema. Na kumbe yote hayo yanaweza kutiwa ndani ya chuma, ikiwa mwenye haja atayasema na fundi atayasikiliza.

Wala Gusii si peke yake. Kule Goma, mashariki ya Kongo, vijana huunda chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, kwa mti wa mkalitusi na mpira wa matairi makuukuu. Nayo hubeba mamia ya kilo za makaa na viazi. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, kuwa ni shukurani. Nchini Uganda, ndugu Kasoma Noordin ameanzisha Boogaali, ambako fremu za baiskeli huundwa kwa mianzi, na maungio yake hufungwa kwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti ambacho ufundi wake UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa ni hazina ya wanadamu. Mianzi hiyo huota hata kandokando ya mito ya Kisii. Na katika vijiji vya Unguja, kumwona mama mwenye buibui juu ya baiskeli, kikapu mbele, mtoto nyuma, si jambo la kumshangaza mtu. Sisi wa Mombasa na Malindi tunao mafundi waunga vyuma kila mtaa. Tulichokosa ni kuwauliza.

Kwa familia itakayopenda kujaribu, yako mambo machache niliyoyaokota kwa mdogo wangu na fundi wake. Kwanza, ijue safari yako kabla ya kumwendea fundi: ni ya lami au mchanga, ni ya mzigo au ya mtoto, ni ya kila siku au ya mara moja kwa juma. Pili, pimaneni nyumbani, mama kwa binti, mkaandike. Tatu, mwambie fundi wazi kuhusu nguo zako. Usione haya kutaja buibui, kwa kuwa asipoambiwa atakuundia kwa kipimo cha suruali. Nne, mtake aunge mabomba kwa moto wa gesi, wala usikubali apake rangi kabla hujayaona maungio. Tano, andikeni bei, muda na dhamana, mbele ya shahidi. Sita, anza kujifunza uwanjani, mahali pa faragha, na breki uzijaribu zikiwa zimelowa.

Nalo ni lazima niliseme: chombo cha kipimo kina fitina yake. Wapo wanaotaka baiskeli ya kuagiza ili watu waione, wakaitia nakshi na nikeli mpaka bei yake ikatosha kusomesha yatima mwaka mzima. Huo ni israfu, na kipimo kilichokusudiwa humo ni kipimo cha macho ya watu. Baiskeli ya mdogo wangu imepakwa rangi moja ya kijani, tena brashi imeacha mistari. Haina taa ya fahari wala jina la kampuni. Ukiiweka dukani pengine isipate mnunuzi, kwa sababu haimfai mtu mwingine yeyote.

Siku niliyoondoka alinisindikiza hadi stendi, mkoba wangu ukiwa juu ya keria. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea. Nisamehe." Akanijibu, "Tumesameheana, Dada. Ila ukifika, niletee kamba nyingine ya wavuvi. Yuko mama mmoja wa Kebirigo, muuza mboga, amekwisha peleka vipimo vyake kwa fundi, na mimi nimemwahidi wavu."

Nimekwisha ituma. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki mafundi wetu katika mikono yao, awape wajane na mayatima riziki ya halali iliyo na stara, na atujaalie sisi wenye ndimi nyepesi kuuliza kabla ya kulaumu. Amin.